Kukereza kalamu kwa mti ulioopolewa baharini: kazi inaanzia kwenye ndoo

Kalamu ya kwanza niliyokereza kutoka kwenye gogo la ufukweni ilidumu wiki saba. Nilimpa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi, naye akawa anasahihishia madaftari. Wiki ya nne vanishi ikaanza kunyanyuka. Wiki ya sita pete ya katikati ikaota ukijani. Wiki ya saba mti ukapasuka kuanzia kwenye klipu kushuka chini, na dada akanirudishia kalamu ikiwa imefungwa ndani ya leso, bila kusema neno.

Nikaipeleka Kunduchi kwa fundi mmoja wa vyombo ambaye nilikuwa nikimwona akikalafati ngalawa pale pwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Akaigeuzageuza, akaugusa ule ufa kwa ncha ya ulimi, akatema mate pembeni. "Chumvi," akasema. "Mti umeuopoa, lakini baharini hujautoa."

Nimekereza kalamu nyingi tangu siku ile, na kama kuna jambo moja ninalotaka ulishike katika maelezo haya ni hilo la mzee. Watu wengi wakitaka kujifunza huniuliza mashine gani ya kukerezea wanunue. Mashine ni kazi ya saa moja au mbili. Miezi inayotangulia, ya ndoo, kivuli na mizani, ndiyo inayoamua kalamu itaishi au itarudishwa kwenye leso.

KUOKOTA

Mimi huokota zaidi upande wa Kigamboni unaotazama bahari kuu, kuanzia Gezaulole kwenda Kimbiji. Kusi ikivuma, mawimbi hupiga fukwe zile moja kwa moja na magogo huja nayo. Nenda asubuhi baada ya bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yakishakupwa. Fuata mstari wa mwani mkavu na vifuu ulioachwa juu kabisa na maji. Mti mzuri hulala hapo. Baada ya masika, mito kama Mpiji na Msimbazi nayo hutema miti mingi mdomoni, ila ile ya Msimbazi imepita katikati ya jiji na uchafu wake wote, kwa hiyo usiishike bila glovu.

Si kila kinachoonekana kimetupwa ni cha kuchukua. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vimehifadhiwa kisheria tangu 1975, basi huko usitoe hata kijiti. Mikoko pia inalindwa na sheria, na anayeshughulikia vibali vya mazao ya misitu ni Wakala wa Huduma za Misitu. Mkoko uliosimama, hata kama umekauka, uache usimame. Ukitaka kuchukua mti mwingi kuliko unaoweza kubeba kwapani, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa useme unachofanya. Gogo lililozama mchangani usilifukue, maana kasa hutaga kwenye baadhi ya fukwe hizi na huwezi kujua kilicho chini yake.

Na mbao za chombo kibovu zina mwenyewe, hata kama chombo kimelala mchangani miaka. Muulize. Mara nyingi atakupa bure na kukuambia chombo kilivulia wapi na nani alikiunda, na habari hiyo utaikabidhi pamoja na kalamu.

Kalamu moja inahitaji kipande cha urefu wa sentimita 13 hivi na unene wa sentimita 2 kila upande. Gogo lenye unene wa mkono na urefu wa hatua moja linakutosha kabisa kuanzia.

KUKAGUA

Gonga gogo kwa jiwe. Mti mzima hulia kavu na kwa sauti. Uliooza hutoa mlio butu, kama unagonga godoro. Bonyeza kwa ukucha, kisha kata sentimita 5 za mwisho utazame ndani, maana nje huwa kumepauka kwa jua na kufanana miti yote. Mvinje ni mgumu na hung'aa vizuri, lakini hupasuka sana ukikauka haraka. Mwembe, ambao ngalawa nyingi huchongwa kwa huo, ni laini zaidi na mara nyingine una michirizi ya rangi nyeusi inayopendeza mno. Mtiki kutoka kwenye mashua za zamani una mafuta yake, hivyo sehemu ya gundi lazima ifutwe kwa spiriti kwanza. Mnazi utumie wa upande wa nje tu, penye nyuzi nyeusi zilizobanana; moyo wake ni kama sponji.

Kuna miti ya kukataa bila kujadiliana na moyo. Nguzo yenye rangi ya kijani iliyoingia ndani huenda ilitiwa dawa yenye arseniki, na vumbi lake ni sumu. Mti mweusi unaonuka lami, kama mataruma ya reli, uache vilevile. Ubao wa boti wenye rangi ya mafuta usiupige msasa, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na zile za chini ya maji hutiwa sumu ya kuzuia viumbe visigande. Kata upande wenye rangi kwa msumeno uutupe.

Utakutana na matundu ya yule mdudu wa baharini anayekula vyombo. Yana utando mweupe wa chokaa ndani, ambao mdudu mwenyewe aliujenga. Mimi nayapenda matundu hayo. Yakwangue kwa waya mpaka chokaa itoke, tutayarudia baadaye. Kisha pitisha sumaku kila upande (ya spika mbovu inafaa) kutafuta misumari, ukikumbuka kwamba msumari wa shaba sumaku haiusikii, huo utauona kwa macho tu. Weusi ulioachwa na kutu ya msumari usiusikitikie. Kwenye kalamu huonekana kama wino uliolowea ndani ya mti.

KUTOA CHUMVI

Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 katika kila lita. Mti ukikauka juani maji huondoka na chumvi hubaki ndani ya nyuzi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na Dar es Salaam hewa hupita kiwango hicho usiku na alfajiri mara kwa mara. Kwa hiyo mti wenye chumvi hunywa usiku na kukauka mchana, hutanuka na kusinyaa kila siku. Vanishi haiwezi kushika juu ya kitu kinachopumua hivyo. Shaba ya vibomba vilivyo ndani ya kalamu nayo huliwa, na ule ukijani aliouona dada yangu ndio dalili yake.

Pasua gogo kwanza. Kata vipande vya sentimita 2.5 kwa 2.5, urefu sentimita 15, kwa sababu chumvi hutoka zaidi kwenye vichwa vya nyuzi, na kipande kifupi huitema haraka kuliko gogo zima. Kabla ya kupasua sugua gogo kwa brashi ya waya. Mchanga uliojificha kwenye mianya huumiza meno ya msumeno vibaya sana.

Vitumbukize kwenye ndoo ya lita 20, weka jiwe juu visielee. Maji ni lazima yawe matamu kweli. Nasema hivi kwa sababu visima vingi vya Kigamboni vina maji ya chumvichumvi, na nilipoteza mwezi mzima nikiloweka mti kwenye maji ya kisima kilicho nyuma ya nyumba. Kinga maji ya mvua, au tumia ya bomba. Badilisha kila siku kwa wiki ya kwanza, halafu kila baada ya siku tatu. Wiki nne kwa kawaida zinatosha.

Ndoo ifunikwe sawasawa. Jiji hili limepata milipuko ya homa ya dengue, 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo kama hivyo hivyo vyako.

Utajuaje chumvi imekwisha? Chota kijiko cha maji yaliyokaa na mti kwa siku tatu, yamimine kwenye kipande cha kioo, na pembeni yake mimina kijiko cha maji safi uliyotumia. Weka juani. Yakikauka, doa la kahawia ni rangi ya mti wenyewe, halina neno. Unga mweupe unaozidi ule wa maji safi ni chumvi: rudisha mti kwenye ndoo. Hakuna njia ya mkato hapa. Nimeona watu wakichemsha vipande kwenye sufuria ili wawahi. Chumvi hupungua kweli, lakini vipande vya mvinje nilivyovijaribu hivyo vilipasuka vyote.

KUKAUSHA

Siku hiyo hiyo ya kuvitoa kwenye maji, futa vichwa vya kila kipande viache kuchuruzika, uviache kivulini saa chache, kisha vichovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Mti hupoteza maji haraka zaidi vichwani, na vichwa vikitangulia kusinyaa ndipo nyufa zinapoanza. Vipange kivulini, penye upepo, ukiweka vijiti vyembamba kati ya safu na safu. Usivipandishe juu ya bati wala karibu na jiko la mkaa.

Andika namba kwenye kila kipande, ukipime kwenye mizani ya jikoni kila baada ya wiki mbili, uandike uzito kwenye daftari. Uzito utashuka, utashuka, halafu utasimama. Ukisimama mahali pamoja vipimo vitatu mfululizo, mti umekubaliana na hewa ya hapa. Vyangu huchukua miezi miwili hadi minne. Vinavyokaushwa wakati wa masika huchelewa, na sioni sababu ya kugombana na mvua.

KUTOBOA NA KUTIA GUNDI

Seti ya vyuma vya kalamu (ncha, kizungushio cha kutoa na kurudisha refili, pete ya kati, klipu na vibomba viwili vya shaba) utaiagiza kwa intaneti. Anza na seti nyembamba ya milimita 7, inayouzwa kwa jina la Slimline. Ni ya bei nafuu na inasamehe makosa. Agiza pamoja nayo fito ya kukerezea, yaani mandreli, na bushi zake, vile vipete vya chuma vya kupimia unene. Hakikisha mkia wa mandreli unaingia kwenye mashine utakayotumia: mashine ndogo nyingi huchukua mkia mchongoka wa kipimo cha Morse, namba 1 au 2. Kama huna mashine, Keko kuna mafundi wa samani wanaokereza miguu ya vitanda kila siku, na ukifika kwa adabu, muda wao wa mapumziko, mtaelewana bei ya saa moja.

Chora mstari wa penseli kwa urefu wa kipande chote, kisha kikate vipande viwili, kila kimoja kirefu kuliko kibomba kwa milimita 3. Mstari huo utakuonyesha pande zipi zikutane ili michirizi ya mti iendelee kutoka nusu ya chini hadi ya juu. Ukiusahau, kalamu itaonekana imeunganishwa kutoka miti miwili.

Toboa katikati kwa keekee ya milimita 7, mashine ikizunguka polepole. Kila sentimita moja toa keekee nje, ondoa unga, uache ipoe. Kipande kikipata moto hupasuka ndani pasipoonekana.

Kwaruza vibomba kwa msasa ili gundi ipate pa kushika. Ziba mdomo wa kibomba kwa kukibonyeza kwenye kipande cha kiazi mbichi, gundi isiingie ndani. Paka gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, ingiza kibomba huku ukikizungusha, lala mpaka kesho. Supaglu hushika kabla kibomba hakijafika mwisho, hasa kwenye unyevu wetu. Asubuhi toa kiazi, sawazisha vichwa vya mti mpaka shaba ionekane, vikae pembe mraba na kibomba. Kichwa kilichokaa upande kitaacha mwanya pale kwenye pete, na mwanya huo hakuna msasa utakaouficha.

Sasa rudi kwenye matundu ya mdudu. Wachongaji wa vinyago pale Mwenge hufagia unga wa mpingo kila jioni. Omba gao moja. Jaza matundu kwa unga huo, dondoshea supaglu nyepesi, ngoja ikauke. Matundu hugeuka kuwa nukta nyeusi za mpingo ndani ya mti wa bahari, na ndizo kalamu zangu ninazozipenda kuliko zote.

KUKEREZA

Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kifua, na mti wa ufukweni mara nyingi hujui ni wa aina gani, basi uchukulie kama ni huo. Mikono mirefu ya kanzu, ncha ya mtandio, kamba ya kitambulisho shingoni: vyote viondolewe au vifungwe. Mashine haina huruma na kitambaa.

Panga kwenye mandreli: bushi, nusu ya kwanza, bushi, nusu ya pili, bushi. Kaza nati kwa vidole tu. Ukikaza kwa nguvu fito hupinda kidogo, na kalamu hutoka na umbo la yai ambalo utalihisi unapoandika. Sogeza kiegemeo cha patasi karibu, kiache nafasi ya milimita 3, uizungushe fito kwa mkono mzunguko mmoja kuhakikisha hakuna kinachogusa. Ndipo uwashe, ukiwa umesimama pembeni.

Anza mizunguko 1,500 kwa dakika. Shika bobari, yaani patasi ya makali ya mviringo, mkia wake ukiwa umeuegemeza kwenye nyonga, gusa mti kwa mgongo wa blade kwanza, kisha inua mkono wa nyuma taratibu mpaka makali yaanze kula. Pembe nne za kipande zitagonga gonga, halafu mlio utalainika. Mlio huo usikilize. Ukiwa sawa, mti hutoka kwa nyuzi ndefu zinazojikunja. Ukitoka unga, patasi imekwisha makali, irudishe kwenye kinoo. Mti wa bahari humaliza makali upesi kwa ajili ya chembe za mchanga zilizobaki, mimi hunoa mara tatu kwa kalamu moja.

Punguza mpaka ukaribie bushi. Bushi ndiyo kipimo chako, kwa kuwa unene wake ni sawa na unene wa chuma kitakachokaa pale. Acha mti uwe juu yake kidogo, unene wa karatasi mbili tatu, sehemu hiyo ni ya msasa. Katikati unaweza kuacha tumbo dogo. Kalamu iliyonyooka kama msumari inachosha vidole.

MSASA NA KUNG'ARISHA

Punguza mwendo. Msasa namba 180, halafu 220, 320, 400, 600. Baada ya kila namba zima mashine, piga msasa kwa urefu wa mti ili kufuta mikwaruzo ya mviringo, futa vumbi kwa kitambaa. Anayeruka namba ataona mikwaruzo siku vanishi ikikauka, wakati hawezi tena kufanya kitu.

Mafuta ya nazi usipake. Yananukia vizuri na yako kila nyumba, ila hayakauki, na kalamu itabaki inateleza na kuchafua karatasi. Kwa kalamu ya zawadi, ya kushikwa mara mojamoja, shelaki kisha nta ya nyuki inatosha na mti huhisika mkononi kama mti. Kwa kalamu ya kazi, kama ya mwalimu, nafuata supaglu nyepesi: matone mawili kwenye tishu iliyokunjwa, kidole kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, pitisha haraka mashine ikizunguka polepole, ngoja, rudia tabaka sita hadi nane. Fanya saa za mchana siku ya jua. Supaglu ikikaukia kwenye unyevu mwingi huweza kuingia ukungu mweupe, utalazimika kuikereza yote uanze upya. Na ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka.

KUUNGANISHA

Hapa ni dakika kumi. Tumia jiliwa, kile chombo cha kubania, meno yake ukiyaziba kwa vipande vya mbao laini. Bonyeza ncha kwenye nusu ya chini, kisha kizungushio upande wa pili, ukianza na upande wake wa shaba. Usikizamishe mara moja: bonyeza kidogo, funga refili, zungusha utazame imetokeza kiasi gani, ongeza kidogo tena. Kikizama kupita kiasi refili haitarudi ndani, na kukitoa ni kuharibu. Klipu na kifuniko chake vinaingia juu ya nusu nyingine. Pete katikati, oanisha mstari wa nyuzi za mti, sukuma nusu mbili zikutane.

Refili ikiisha, vuta nusu ya juu itoke, fungua refili kwa vidole, funga nyingine. Ni ya umbo la Cross, si ile nyembamba ya kalamu za dukani, na siioni kwenye kila duka la vifaa vya ofisi, kwa hiyo agiza mbili au tatu pamoja na kila seti umpe mwenye kalamu. Dada yangu ana kalamu nyingine sasa, ya mwembe wa ngalawa uliokaa ndooni wiki tano. Refili ameshabadilisha mara nne.